Kumweka binadamu hai Mirihi: mwongozo kamili, kuanzia kinachoua kwa sekunde hadi kinachoua kwa miaka

Mazungumzo ya kwenda kuishi sayari nyingine huishia kwenye roketi: ukubwa wake, kasi yake, nani anaijenga. Roketi ndiyo sehemu tunayoimudu zaidi, na mashine zetu zimeshatua Mirihi mara kadhaa. Kazi ngumu ni kumtunza mtu anayepumua, anayekula, anayekwenda haja na anayegombana na mwenzake, mahali ambapo hapati bure hata kimoja kati ya vitu anavyovipata bure duniani.

Tuseme basi umekabidhiwa watu wanne. Uwapeleke Mirihi, wakae, warudi hai. Mwongozo huu unafuata utaratibu mmoja: tukishapanga safari, kinachoua kwa sekunde kinatangulia na kinachoua kwa miaka kinafuata. Weka kalamu karibu, kwa sababu mambo mengi yataamuliwa na hesabu za kawaida kabisa.

Na kwa nini Mirihi? Zuhura iko karibu zaidi, lakini joto la usoni mwake ni kama nyuzi 465 na hewa yake inakandamiza zaidi ya mara 90 ya hewa yetu. Chombo cha Kisovieti Venera 13 kilitua huko mwaka 1982 kikadumu dakika 127, na hayo yalihesabiwa mafanikio makubwa. Mirihi ina siku ya saa 24 na dakika 39, ina barafu, ina udongo wa kufukia nyumba, na hewa yake, japo nyembamba, imebeba oksijeni iliyofungamana na kaboni. Ni mahali pabaya penye malighafi.

Hatua ya 1: Anza na kalenda

Dunia na Mirihi hukaa mkao mzuri wa kusafiria mara moja kila miezi 26 hivi. Safari ya kwenda huchukua miezi sita hadi tisa. Ukishafika huwezi kugeuza wiki ijayo, maana Dunia nayo imeshasogea upande mwingine wa Jua. Unasubiri zamu yako. Kwa hiyo tupange hivi: siku 180 za kwenda, 500 za kukaa, 180 za kurudi. Jumla 860. Ziandike juu ya karatasi, zitarudi kila hatua.

Jambo la pili la kalenda ni simu. Umbali kati ya sayari hizi mbili hucheza kati ya kilomita milioni 55 na milioni 400, hivyo mawimbi ya redio huchukua dakika 3 hadi 22 kufika. Swali na jibu lake vinaweza kula dakika 44. Na kila baada ya miaka miwili hivi Jua huingia katikati, mawasiliano yakawa ya kubahatisha kwa wiki kama mbili. Chukua karatasi uigawe mara mbili: upande mmoja hatari zinazoua ndani ya saa moja, upande wa pili zinazosubiri. Upande wa kwanza wote ni wa wale wanne peke yao. Hakuna mtaalamu wa Houston, wanakoongozea safari watu wa NASA, shirika la anga la Marekani, atakayewahi.

Jambo la tatu ni mzigo. Kitu kizito kuliko vyote kilichowahi kutua salama Mirihi ni gari la Perseverance, Februari 2021, lenye kilo 1,025. Hewa ya huko inatosha kukiunguza chombo kinachoingia kwa kasi, lakini haitoshi kwa miavuli kukisimamisha. Nyumba ya watu wanne na vifaa vyake inadai makumi ya tani. Ndiyo maana kila kilo utakayoitengeneza huko huko badala ya kuibeba ina thamani, na ndiyo maana vitu vyote vitangulie, vitue, vijaribiwe kwa mbali, kabla mtu yeyote hajafunga mkanda.

Hatua ya 2: Kanieneo ya hewa, adui wa sekunde

Kileleni Kilimanjaro kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya Mombasa au Dar es Salaam, na wapandaji wanaijua nusu hiyo inavyouma kichwa. Mirihi ni milibari 6 hivi, wakati usawa wa bahari duniani ni 1,013. Hata ukishuka hadi kitako cha bonde la Hellas, kilomita 7 kwenda chini, utapata kama 12 tu. Mwili wa binadamu una kikomo chake: chini ya milibari 63, maji yaliyo wazi mwilini, ya mdomoni na machoni, huchemka kwa joto la kawaida la mwili.

Hili limeshamtokea mtu. Desemba 1966, mtaalamu Jim LeBlanc alikuwa akijaribu suti ya anga ndani ya chumba kilichonyonywa hewa huko Houston, bomba la suti likachomoka. Alizimia baada ya kama sekunde 14. Alipozinduka alisimulia kwamba kitu cha mwisho anachokumbuka ni mate kuchemka juu ya ulimi. Aliwahiwa. Wanaanga watatu wa chombo cha Kisovieti Soyuz 11 hawakuwahiwa: tarehe 30 Juni 1971, vali moja ilifunguka wakati sehemu za chombo zikiachana njiani kurudi, na kwa kuwa hawakuvaa suti, chombo kilitua kikiwa kizima na wao wamekufa vitini.

Sasa fanya hivi. Gawa makazi katika vyumba vinavyoweza kufungiana, kila kimoja na hewa yake ya akiba, ili tundu moja lisiue watu wote. Weka suti karibu na kila kitanda. Na hakuna anayetoka nje peke yake.

Kisha amua kanieneo ya ndani iwe kiasi gani, kwa sababu hapa kuna mvutano wa kweli. Ukijaza nyumba milibari 1,013 kama nyumbani, kila mtu anayetaka kuvaa suti, ambayo kwa kawaida hushikilia kama 300 ili viungo vikunjike, atalazimika kwanza kupumua oksijeni tupu kwa muda mrefu. Asipofanya hivyo nitrojeni iliyo damuni itatoa mapovu kama soda iliyofunguliwa ghafla. Ukikwepa tatizo hilo kwa kujaza oksijeni tupu, unakaribisha moto: tarehe 27 Januari 1967 wanaanga watatu wa Apollo 1 waliungua wakiwa ardhini, kwenye zoezi tu, ndani ya chombo kilichojazwa oksijeni, mlango ukifungukia ndani. Wahandisi wa NASA wamependekeza njia ya kati, milibari 565 hivi yenye oksijeni asilimia 34. Mimi ningeichukua hiyo, na ningepiga marufuku pamba, karatasi zilizozagaa na kila kitambaa kinachoshika moto kirahisi.

Adui wa kimyakimya wa hatua hii ni vumbi. Ni laini, limejaa chumvi kali, na hung'ang'ania kila kitu kwa umeme tuli. Punje chache kwenye oringi, ule mpira wa kuzibia, ya mlango zinatosha kuanzisha uvujaji. Suti zisiingie sebuleni. Zitundikwe nje ya ukuta, mtu aingie ndani ya suti kupitia mgongoni, halafu mlango ufungwe nyuma yake.

Hatua ya 3: Hewa ya kupumua, na ukaa kabla ya oksijeni

Mtu mmoja hutumia kama kilo 0.84 za oksijeni kwa siku na kutoa kama kilo moja ya hewa ya ukaa. Wengi hukimbilia kuhesabu oksijeni. Lakini ndani ya chumba kilichofungwa ukaa ndio unaoua mapema, oksijeni ikiwa bado ipo tele. Kwanza kichwa kinauma, kisha mtu anaanza kukosea hesabu, na anayekosea hesabu ndiye huyo huyo anayeshika vali.

Aprili 1970 wanaanga watatu wa Apollo 13 walilazimika, chombo chao kikubwa kilipoharibika, kujibanza kwenye kidogo kilichotengenezwa kwa ajili ya wawili. Ukaa ukapanda. Makopo ya kufyonza ukaa ya chombo kikubwa yalikuwepo, ila yalikuwa ya mraba, na nafasi za chombo kidogo zilikuwa za duara. Waliokoka kwa kuunganisha mifuko ya plastiki, kadibodi, mabomba ya suti na utepe wa gundi. Kanuni ya kuandika ukutani: kila chujio, kila koki na kila mpira wa bomba katika makazi yako uwe wa kipimo kimoja, uingie popote. Kanuni hii haina gharama, na ndiyo ya kwanza kusahaulika watengenezaji wanapokuwa watano.

Oksijeni yenyewe inaweza kutengenezwa huko. Hewa ya Mirihi ni hewa ya ukaa kwa asilimia 95. Ndani ya Perseverance kulikuwa na kifaa kilichoitwa MOXIE ambacho kiliivuta hewa hiyo, kikaipasha hadi nyuzi 800 na kuitenganisha kwa umeme: oksijeni upande mmoja, kaboni monoksidi upande mwingine. Kati ya 2021 na 2023 kiliwashwa mara 16 kikatoa gramu 122 kwa jumla. Katika ubora wake kilifikia gramu 12 kwa saa. Piga hesabu: gramu 12 mara saa 24 ni 288. Watu wako wanne wanahitaji gramu 3,360 kwa siku. Unahitaji vifaa 12 vya aina hiyo vikifanya kazi usiku na mchana bila kupumzika, au kimoja kikubwa zaidi na kingine cha akiba. Linawezekana. Sehemu ngumu ni ule umeme wa kufikia nyuzi 800, tutaufikia.

Kuna watakaokuambia panda miti tu, mimea itasafisha hewa. Wasimulie habari ya Biosphere 2. Septemba 1991 watu wanane walijifungia ndani ya jengo la vioo lenye ukubwa wa hekta 1.27 huko Arizona, lenye msitu mdogo, shamba na hata bahari ndogo, wakae miaka miwili. Oksijeni ilianza kushuka polepole kutoka asilimia 20.9, na baada ya miezi 16 ilikuwa karibu 14. Watu wakawa wanapanda ngazi wakihema. Chanzo kilishangaza: udongo wa shamba ulikuwa na mboji nyingi mno, vijidudu vyake vikala oksijeni na kutoa ukaa, na ukaa huo badala ya kurudi kwenye majani ukanywewa na zege la kuta. Januari 1993 ilibidi oksijeni iingizwe kutoka nje. Arizona lori la oksijeni linafika mlangoni. Kwa hiyo mimea yako iwe msaidizi, mashine iwe tegemeo, na kila ukuta, rangi na gundi ya nyumba upimwe inakunywa nini na inatoa nini.

Hatua ya 4: Umeme, na baridi inayodanganya

Wastani wa joto Mirihi ni kama nyuzi 60 chini ya sifuri. Karibu na ikweta adhuhuri ya kiangazi ardhi inaweza kufika 20, na usiku wa siku hiyo hiyo ikashuka chini ya hasi 70. Lakini hewa nyembamba haipokonyi joto kama upepo wa kwetu. Mtu anayefanya kazi kwa bidii ndani ya suti anahitaji kupoozwa. Joto lake linapotea kwa njia ya miguu iliyokanyaga ardhi iliyoganda na kwa mnururisho kuelekea angani. Wekeza kwenye soli za buti na nguzo za nyumba kuliko kwenye unene wa koti.

Kinachoua hapa ni kukatika umeme. Mwanga wa jua Mirihi ni asilimia 43 ya ule wa duniani, na vumbi hupunguza zaidi. Gari la Opportunity lilitua Januari 2004 na kufanya kazi karibu miaka 15 kwa paneli za sola, likaja kufa katika dhoruba ya vumbi iliyofunika sayari nzima mwaka 2018. Tarehe 10 Juni paneli zake zilizalisha wati-saa 22 tu kwa siku, kiasi cha kuwasha balbu ndogo kwa saa chache, na halikusikika tena. Dhoruba za namna hiyo hudumu wiki hadi miezi. Hazivunji nyumba, maana upepo wa hewa nyembamba hauna misuli. Zinaleta giza.

Kwa hiyo sola peke yake usiikubali. Kati ya Novemba 2017 na Machi 2018 kinu kidogo cha nyuklia cha kilowati moja kilijaribiwa katika jangwa la Nevada, na mpango ulikuwa kukikuza hadi kilowati 10. Vinu kadhaa vya ukubwa huo, vikiwa vimewekwa mbali na nyumba na kufukiwa, ndiyo uti wa mgongo. Sola iwe nyongeza ya siku nzuri. Na andika mapema orodha ya kuzima: umeme ukipungua, taa za mimea zinakwenda kwanza, kitengeneza mafuta ya kurudi cha pili, na kisafisha ukaa hakizimwi kamwe.

Hatua ya 5: Maji

Kwa kunywa, kupikia na usafi wa kubana, hesabu lita 3.8 kwa mtu kwa siku. Mara wanne mara 500 ni lita 7,600. Hutabeba zote, utayazungusha: mkojo, jasho, mvuke wa pumzi, vyote vinarudi kikombeni. Mwaka 2023 Kituo cha Kimataifa cha Anga kilifanikiwa kurudisha asilimia 98 ya maji yake. Kwa kiwango hicho unapoteza lita 152 tu kwa siku zote 500. Kikishuka hadi asilimia 85, unapoteza 1,140. Tofauti kati ya mafanikio na msiba ni mtambo mmoja wa kuchujia mkojo.

Na mtambo huo una kisa ambacho kila anayepanga safari hii angepaswa kukijua. Mwaka 2009 ule wa kituo cha anga uliziba. Ndani yake yalikutwa mabonge ya kalsiamu salfeti. Kalsiamu ilitoka wapi? Mifupani mwa wanaanga. Mwili usiobeba uzito huimomonyoa mifupa na kuitoa kwenye mkojo, kwa kiasi ambacho majaribio ya duniani, kwa mkojo wa watu wanaotembea kawaida, hayakukionyesha. Mifupa ya watu ikaziba mashine ya maji. Huko hakuna idara ya afya iliyo mbali na idara ya mabomba. Ukibadilisha chakula umebadilisha mkojo, ukibadilisha mkojo umebadilisha maji, ukibadilisha maji umebadilisha hewa, kwa sababu oksijeni nyingine hutoka kwenye maji hayo hayo.

Maji ya nyongeza yapo chini ya miguu, kutegemea umetua wapi. Mwaka 2008 chombo Phoenix kilichimba kaskazini mwa Mirihi kikafunua vipande vyeupe vya barafu; ndani ya siku nne vilikuwa vimeyeyuka moja kwa moja kuwa mvuke. Bonde la Korolev, lenye upana wa kilomita 82, limejaa barafu yenye kina cha kilomita 1.8. Ila ncha za sayari ni baridi na giza mno. Tafuta mahali pa katikati, kama tambarare ya Arcadia, ambako barafu ipo mita chache chini ya vumbi na jua bado linafika. Chimba, funika shimo papo hapo, pasha, nasa mvuke.

Usiyanywe bado. Phoenix huyo huyo aligundua kwamba udongo wa huko una chumvi ziitwazo perikloreti, karibu nusu ya asilimia ya udongo. Chumvi hizo huzuia tezi ya shingo kupokea madini joto, yale yale tunayoongezewa kwenye chumvi ya jikoni. Zinayeyuka vizuri kwenye maji, na hiyo ni heri: zinaoshwa udongoni, kisha zinachujwa majini. Pima kila pipa.

Hatua ya 6: Jifukie

Mirihi haina uga sumaku wa sayari nzima wala hewa nzito ya kuzuia mionzi ya anga. Kipimo kilichokuwa ndani ya Curiosity, gari lililotua Agosti 2012, kilionyesha kama milisivati (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) 1.8 kwa siku njiani na 0.67 kwa siku juu ya ardhi ya Mirihi. Weka namba zetu: siku 360 za njiani mara 1.8 ni 648. Siku 500 mara 0.67 ni 335. Jumla 983. Mtu wa kawaida duniani hupata kama 2.4 kwa mwaka kutoka kwa maumbile, na NASA imemwekea mwanaanga kikomo cha 600 kwa maisha yake yote ya kazi. Mpango wetu umevuka kikomo kabla mtu hajaugua.

Njiani huna mengi ya kufanya zaidi ya kupanga matangi ya maji na chakula kuzunguka chumba cha kulala. Ukifika, unayo mengi: funika paa kwa udongo wa mita mbili au tatu. Udongo ni bure na tingatinga la kuendeshwa kwa mbali linaweza kuanza kazi hiyo mwaka mmoja kabla. Njia nyingine ni mapango ya lava. Picha za kutoka angani zimeonyesha mashimo meusi kwenye miteremko ya Arsia Mons, volkano ya huko, yanayodhaniwa kuwa midomo ya mapango ya aina moja na yale ya mlima Suswa na vilima vya Chyulu nchini Kenya, ambako lava ilipita ikaacha njia tupu. Yanavutia, lakini kwa safari ya kwanza ningeyaacha: hujui dari lake, na kushusha makumi ya tani mdomoni mwa shimo ni balaa jingine.

Wapangie kazi za nje kwa saa, uzigawe kwa usawa, na mlipuko wa jua ukitangazwa wote waingie chini hadi upite.

Hatua ya 7: Chakula

Kwa mtu mmoja hesabu kilo 1.8 kwa siku pamoja na vifungashio. Mara wanne mara 860 ni kilo 6,192. Beba chote. Najua wengi wanapenda picha ya mtu anayechuma nyanya chini ya kuba la kioo, lakini shamba linaloshindwa mwezi wa nne haliwezi kuwa ndilo chungu lenu. Kule Biosphere 2, penye jua la Arizona na zaidi ya hekta moja, watu walishinda na njaa na kukonda.

Shamba liwepo kwa sababu nyingine. Vitamini, hasa C na B1, huharibika ndani ya paketi kadiri miaka inavyopita, na mtu aliyekula vya paketi mwaka mzima huthamini jani bichi kuliko unavyofikiri. Mwaka 2018, karibu na kituo cha Ujerumani cha Neumayer III huko Antaktika, kitalu nyumba chenye eneo la kulimia la mita za mraba 12.5 kilitoa kilo 268 za saladi, matango, nyanya na mboga nyingine ndani ya miezi tisa na nusu, bila udongo, mizizi ikinyunyiziwa maji yenye virutubisho. Lima hivyo hivyo. Udongo wa Mirihi wenye perikloreti uachie majaribio.

Zao langu la kwanza lingekuwa viazi vitamu. Chuo Kikuu cha Tuskegee huko Alabama kilifanya utafiti wa miaka mingi pamoja na NASA wa kuvilima bila udongo, na sababu yao mtu wa huku hahitaji kuelezwa: chini kuna kiazi, juu kuna matembele, hakitupwi kitu.

Hatua ya 8: Mwili, ugonjwa, na siku ya kutua

Bila uzito, mifupa ya nyonga hupungua asilimia 1 hadi 1.5 kwa mwezi. Dawa iliyothibitika ni mazoezi ya kama saa mbili kila siku, njia nzima. Uvutano wa Mirihi ni asilimia 38 ya wetu, na hakuna binadamu aliyewahi kukaa katika uvutano wa kiasi hicho kwa muda wa maana. Waliokaa Mwezini muda mrefu zaidi, Apollo 17, walikaa siku tatu. Mazoezi yaendelee, basi, kana kwamba uvutano huo hausaidii kitu.

Siku ya kutua ni mtego. Wanaanga wanaorudi Kazakhstan baada ya miezi sita hubebwa na waokoaji kutoka chomboni, wengine wakitapika na kuyumba. Mirihi hakuna wa kuwabeba. Chombo cha kutua kiwe na hewa, maji na chakula cha siku kadhaa, ili wakae ndani mpaka miguu ikubali. Makazi yawe tayari yamewaka umeme na kujaa hewa kabla hawajafika.

Ugonjwa: weka madaktari wawili, au daktari mmoja na mwenzake aliyefunzwa kumpasua. Aprili 1961 Leonid Rogozov, daktari pekee wa kituo cha Kisovieti cha Novolazarevskaya huko Antaktika, aliugua kidole tumbo. Dhoruba ilizuia ndege. Alijipasua mwenyewe, dereva na mtaalamu wa hali ya hewa wakimshikia kioo na vifaa, akakitoa, akapona. Alikuwa na miaka 27 na moyo wa chuma. Mpango wako usitegemee kupata Rogozov wa pili.

Hatua ya 9: Chagua mafundi

Kwenye mafaili ya waombaji utaona marubani na mabingwa wa kila kitu. Mimi ningetafuta kwanza mtu aliyezoea kufungua pampu iliyokufa, kuitandaza juu ya kitambaa na kuirudisha ikiwa inafanya kazi. Kila mashine niliyoitaja hadi sasa itaharibika ndani ya siku 500. Usibebe mashine kumi za akiba. Beba mashine chache zinazofunguka kwa bisibisi moja, pamoja na vipuri vyake na kichapishi cha kutengenezea vidogo.

Halafu watu wenyewe. Huko Moscow, kati ya Juni 2010 na Novemba 2011, wanaume sita walifungiwa siku 520 kuigiza safari ya Mirihi. Hakuna aliyepigana, ila miili yao ilizubaa: walisogea kidogo, walilala zaidi, na saa za usingizi za baadhi yao zikaachana na za wenzao. Biosphere 2 ilikuwa mbaya zaidi, wanane waligawanyika kambi mbili za wanne wanne. Kuanzia Juni 2023 hadi Julai 2024 NASA iliwafungia wengine wanne kwa siku 378 ndani ya nyumba ya mita za mraba 158 huko Houston.

Kwa hiyo panga siku. Siku ya huko ni ndefu kuliko yetu kwa dakika 39. Weka saa za makazi zifuate jua la Mirihi, alfajiri ikiwa alfajiri kweli, taa za ndani zikipanda na kushuka nalo. Mlo mmoja kwa siku uliwe pamoja, bila ruhusa ya kukwepa. Kila mtu awe na mlango wa kujifungia. Na lugha ya kazi mojawapo iwe lugha ambayo wote wanaweza kutania kwayo.

Hatua ya 10: Tangi la kurudi

Kuwanyanyua watu wanne kutoka ardhi ya Mirihi kunahitaji takriban tani 7 za mafuta ya methani na tani 25 za oksijeni ya kuyachoma. Linganisha na oksijeni ya kupumua, ambayo kwa watu hao ni kama tani 1.2 kwa mwaka. Yaani mtambo wa oksijeni wa hatua ya 3 kazi yake kubwa si mapafu, ni roketi. Methani nayo inaweza kutengenezwa huko: hidrojeni ya kutoka kwenye barafu, ikikutanishwa na hewa ya ukaa kwenye mtambo wa Sabatier, hutoa methani na maji.

Tuma roketi tupu ya kurudia miezi 26 mapema, pamoja na vinu vya umeme na mitambo hiyo. Iache ifanye kazi yenyewe, gramu kwa gramu, ukiisoma vipimo vyake kutoka duniani. Zamu ya kusafiri inapokaribia, angalia namba moja tu. Ikiwa tangi limejaa na halivuji, wapandishe. Ikiwa limefika asilimia 90, waambie wakafungue mabegi, mtasubiri miezi 26 mingine.